Mkuki wa Plastiki Uliovuka Namanga

Mpwa wangu alinyoa nywele siku ya Jumanne alasiri, kwa kinyozi mmoja pale Mlandizi, na kabla jua halijatua habari zilishamtangulia kufika Janga. Mama yake, dada yangu wa tumbo moja, alikuwa uani anapeta mchele. Alipomwona mwanawe anaingia na kichwa kinang'aa kama kibuyu kilichopakwa mafuta, aliuweka ungo chini, akamtazama kuanzia utosini hadi kwenye visigino, kisha akauliza:

"Nani kafa?"

Hakuna aliyekufa. Binti wa miaka 22, mwenye akili zake timamu, alikuwa ameamua kwenda Nairobi kwenye kongamano la mashabiki wa katuni na filamu akiwa amevaa kama Okoye, jemadari wa jeshi la wanawake katika filamu ya Black Panther. Okoye ana upara, kwa hiyo na yeye kanyoa upara. Kazi ya kumweleza mama mtu iliniangukia mimi mjomba, maana ndimi niliyeahidi kumsindikiza. Nikajikuna, nikatafuta pa kuanzia. Mpwa wangu akaniokoa.

"Mama, miaka saba ya shule ya msingi nilinyolewa kipara kwa amri ya shule, wala hukuuliza nani kafa. Leo nimenyoa kwa kupenda mwenyewe."

Dada hakujibu. Aliuchukua ungo wake akaendelea kupeta, ila safari hii taratibu, kama mtu anayetafuta jiwe moja alilokwisha kuliona.

Mchezo wenyewe unaitwa kospleyi, neno lililoundwa Japani katika miaka ya 1980 na Nobuyuki Takahashi kwa kuunganisha mavazi na uigizaji. Mtu huchagua mhusika anayempenda kutoka kwenye filamu, katuni au mchezo wa kompyuta, akalitengeneza vazi lake kwa mikono yake au kwa mikono ya fundi, akalivaa mbele ya wenzake wanaompenda mhusika huyo huyo. Jambo hili ni la zamani kuliko jina lake. Julai 1939, huko New York, kwenye mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi za sayansi za kubuni, kijana aitwaye Forrest Ackerman aliingia ukumbini amevaa joho na suruali ya mtu wa karne zijazo, mtindo uliotokana na filamu ya mwaka 1936, Things to Come. Picha yake imezunguka dunia nzima. Aliyemshonea nguo hizo, akajishonea na lake gauni akalivaa siku hiyo hiyo, ni Myrtle Douglas, na kwa miaka mingi waliosimulia kisa hiki walimtaja Ackerman wakampita mama wa watu. Namtaja kwa makusudi. Habari ninayoisimulia hapa inaanzia kwenye cherehani.

Fundi wetu ni mzee wa Kizaramo aliyevuka miaka 75. Kibaraza chake kiko kando ya njia, cherehani yake ni ile nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, na kibindoni ana chaki iliyolika hadi ikawa kama kucha. Kazi yake kubwa ni sare za shule na madera. Tulifika asubuhi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona kichwa kitupu, umetoka hija?"

Mpwa wangu akamwonyesha picha ya Okoye kwenye simu. Mzee akaisogeza simu mbali na macho, akaikaribisha, akaisogeza mbali tena. Nilijiandaa kueleza filamu ni ipi na Wakanda, nchi yake ya kufikirika, ni wapi. Hakuuliza hayo. Aliuliza, "Huyu cheo chake nini?"

"Jemadari, babu."

"Basi begani pasiwe patupu."

Ndipo akatuhadithia, mguu wake ukiwa bado juu ya kikanyagio, kwamba baba yake alikuwa mtu wa beni. Alikuwa na koti la kiofisa ambalo hakupewa na serikali yoyote. Lilishonwa kwa kitambaa cha magunia ya unga, likatiwa nyuzi za katani begani zikaning'inia kama za gavana, na nishani zake zilikuwa vizibo vya chupa vilivyopigwa nyundo mpaka vikawa bapa. Siku ya ngoma mzee yule alikuwa akitembea kwa namna ambayo siku za kawaida hakuithubutu. "Mtu akivaa koti la kanali," fundi alisema, "hata mgongo unakumbuka."

Beni si hadithi ya kibarazani tu. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1975. Ngoma hiyo ilichipuka katika miji ya Waswahili, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, ikateremka pwani na kuingia bara pamoja na askari, wapagazi na makarani, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Tanganyika nzima ilikuwa na vyama viwili vikubwa vinavyoshindana, Marini na Arinoti. Kila chama kilikuwa na mfalme wake, majenerali wake, makapteni wake, wanawake wenye vyeo vyao, matarumbeta, gwaride na sare. Watu waliotawaliwa walivaa mavazi ya watawala, wakayapanga upya kwa nafsi zao, wakashindana nani kapendeza zaidi. Nimesoma mengi kuhusu vijana wetu wanaoiga mambo ya Wajapani na Wamarekani. Sijasoma popote anayewakumbusha kwamba babu zao walifanya hivyo hivyo, tena barabarani, na tena mbele ya macho ya mkoloni mwenyewe.

Na fundi mwenyewe? Alicheka nilipomuuliza. Ujana wake ulikuwa wa Spear. Mwishoni mwa miaka ya 1960 lilikuwa likiuzwa Afrika Mashariki gazeti la hadithi za picha liitwalo African Film, na stelingi wake alikuwa Lance Spearman, mpelelezi mweusi mwenye kofia, tai ya kipepeo na ngumi zisizokosea. Hadithi ilisimuliwa kwa picha halisi za waigizaji, si za kuchorwa, na maneno yakawekwa ndani ya viputo. Huku kwetu Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo, akaanzisha gazeti la namna hiyo, Film Tanzania. Mzee anasema aliuza debe mbili za korosho akanunua kofia kama ya Spear, akaivaa kwenda nayo Kisarawe kuposa. Hakusema kama alikubaliwa, lakini mkewe, aliyekuwa anachambua mchicha hatua chache kutoka tulipokaa, aliinamisha uso akitabasamu.

Vazi lilichukua wiki tatu. Ngao ya kifua ilikatwa kutoka kwenye mkeka wa sponji ngumu, ule wanaotandika watu wa mazoezi, ukapashwa moto kwa pasi ya mkaa na kukunjwa ungali laini ukafuata umbo la mwili. Pete za shingoni, ambazo kwenye filamu zimefuata mtindo wa wanawake wa Kindebele, zilitokana na mpira wa maji uliokatwa vipande, ukaunganishwa na kupuliziwa rangi ya dhahabu. Mkuki ulikuwa bomba la plastiki la inchi moja, na ncha yake ubao mwepesi uliopigwa msasa hadi ukashikika kama sabuni. Mpwa wangu aliifanya kazi ya msasa mwenyewe, usiku, kwa mwanga wa simu, akiwa amejifunga kanga puani kukwepa vumbi. Nilimwona akipitisha kidole gumba kwenye ubao, akisimama, akirudia sehemu ambayo mimi niliiona imekwisha.

Shanga ndizo zilizonifundisha jambo. Mavazi ya jeshi la Okoye ni mekundu, na wekundu ule haukuchaguliwa kwa bahati. Mbunifu wa mavazi ya filamu, Ruth E. Carter, aliwatazama Wamasai; akatazama na Wahimba, Wabasotho na wengine wengi wa bara hili, akayashona yote katika nchi moja ya kufikirika. Mwaka 2019 kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Oscar, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata kwa ubunifu wa mavazi, na mwaka 2023 akapata ya pili kwa filamu iliyofuata. Sasa mpwa wangu, ili afanane na picha ya filamu, alipanda daladala hadi Chalinze kuwatafuta akina mama wa Kimasai wanaouza shanga. Mmoja wao aliishika simu, akaitazama picha kwa muda mrefu, akanyosha kidole kwenye mkanda wa Okoye na kusema rangi zimepangwa vibaya, pale nyeupe ingetangulia. Akaupanga anavyojua yeye. Mkanda ambao mpwa wangu aliuvaa Nairobi haukufanana kabisa na wa filamu. Ulikuwa umesahihishwa na wenyewe.

Tulipandia basi Kibaha alfajiri, na mkuki ukalazwa kwenye njia ya katikati ya viti kwa sababu kwenye buti usingeenea. Chalinze, Segera, Korogwe, Same, Moshi, Arusha. Kila aliyepanda aliuruka, na kila aliyeuruka aliuliza. Hadi kufika Moshi abiria nusu ya basi walikuwa wanajua Okoye ni nani na wanabishana kama angempiga Bruce Lee. Namanga tulishuka na mizigo yetu. Afisa mmoja akauona mkuki.

"Huu wa nini, binti?"

"Wa Wakanda, afande."

Aliuinua kwa vidole viwili, akausikia ulivyo mwepesi, akaupima kwa jicho kutoka ncha hadi kitako. Kisha akamrudishia kwa mikono miwili, kama anavyokabidhiwa mtu kitu chake cha thamani. Sikutegemea kuguswa na tendo dogo namna ile, lakini liliniingia.

Nairobi wana makongamano ya namna hii kwa miaka kadhaa sasa, na lijulikanalo zaidi ni Naiccon, ambako wachoraji wa komiksi, wachezaji wa michezo ya kompyuta, watengenezaji filamu na mashabiki waliojipamba hukutana chini ya paa moja. Mama wa makongamano yote haya ni lile la San Diego, Marekani, lililoanza mwaka 1970 kwa watu mia chache kwenye hoteli, na sasa hupokea zaidi ya watu 130,000 kila mwaka. Ukumbi wake mkubwa, unaoitwa Hall H, una viti kama 6,500, na watu hulala nje usiku kucha ili asubuhi wapate kuingia kuwaona waigizaji na waongozaji wakiketi mezani kuizungumzia filamu ambayo haijatoka. Wa Nairobi ni mdogo sana ukilinganisha. Kwangu mimi ulitosha.

Mpwa wangu alibadili nguo kwenye choo cha wanawake, akatoka. Nimemjua tangu siku ya kuzaliwa kwake. Aliyetoka pale alikuwa mrefu kuliko ninavyomjua. Mabega yalikuwa nyuma, kidevu juu, na mkuki ukagonga sakafu mara moja kwa sauti ya plastiki ambayo kwa namna fulani haikunipunguzia chochote. Watu wakampisha njia. Nikamkumbuka fundi na mgongo unaokumbuka. Kijana aliyevaa kama Spider-Man alisimama mbele yake, akakunja mikono kifuani kwa salamu ya Wakanda, naye akaijibu. Hawakuambiana hata majina. Kulikuwa na akina Naruto wa katuni za Kijapani wasiopungua kumi na kitambaa chao kwenye paji la uso, wasichana wa nywele za zambarau, mtoto mdogo mwenye mabawa ya maboksi aliyebebwa na babaye kwa sababu mabawa yalimchosha. Na baridi. Upara na baridi ya Nairobi havipatani, akajifunika kanga ya mama yake begani kila alipokaa. Kanga ile juu ya ngao ya sponji ilipigwa picha nyingi kuliko ngao.

Nilizunguka meza zote za wauza komiksi. Nilikuwa nawatafuta watu wangu. Kizazi changu kililelewa na gazeti la Sani, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, na humo walikaa Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Komredi Kipepe, Pimbi na Madenge. Mchoraji Philip Ndunguru, aliyefariki akiwa bado kijana, aliwapa kadhaa kati yao nyuso ambazo mpaka leo ningezitambua gizani. Kabla yao alikuwepo Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, mtu wa mjini mwenye shida za watu wa mjini. Baadaye James Gayo akatupa Kingo. Hawa hawahitaji sponji wala rangi ya dhahabu, maana Lodi Lofa unamvaa kwa shati moja na suruali moja. Hata hivyo katika umati ule, wenye wahusika wa kila pembe ya dunia, sikumwona hata mmoja wao. Sikumlaumu mtu pale. Wachoraji wa Kenya walikuwepo na meza zao na mashujaa wao waliowabuni wenyewe, na vijana wakinunua. Kilichoniuma ni kwamba Tanzania tuna urithi wa vibonzo wa zaidi ya nusu karne na mpwa wangu, mtoto wa nyumbani, alisikia jina la Ndumilakuwili kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwangu, akiwa Nairobi, amevaa nguo ya Wakanda. Magazeti yenyewe yamekwisha kuliwa na mchwa kwenye masanduku ya watu. Anayeweza kuyakusanya na kuyachapa upya na aanze leo, kwa sababu wanaoyakumbuka wanazeeka.

Mchana ukaja mjadala wa filamu, ambao ndio hasa uliomtoa mpwa wangu Janga. Meza ndefu, maikrofoni, watengenezaji filamu watatu, na mada ilikuwa namna ya kutengeneza filamu ya shujaa mahali ambapo hakuna fedha ya kurusha magari angani. Mfano waliourudia ni Supa Modo ya Likarion Wainaina, filamu ya Kenya iliyoonyeshwa Berlin mwaka 2018 na kuteuliwa kuiwakilisha nchi hiyo kwenye Oscar. Jo ni msichana wa miaka tisa, mgonjwa ambaye madaktari hawana tena la kumfanyia. Anarudishwa nyumbani. Anaota kuwa shujaa wa sinema, na kijiji kizima kinaamua kumtengenezea filamu yake. Ukiitazama unaelewa kwamba nguvu za ajabu zote za filamu ile ni majirani. Joho lake ni kitambaa tu. Nilipoiona mara ya kwanza nililia, na siku ile ukumbini nilisikia pua zikivutwa kwenye viti vya nyuma pale tu jina la Jo lilipotajwa.

Mazungumzo yalikuwa kwa Kiingereza, na Sheng ikipenya hapa na pale. Nikawa nawaza mambo ya lugha. Mwaka 1966 Marekani ilipoanza kuonyesha Star Trek, kwenye chombo cha anga aliketi mwanamke mweusi, Nichelle Nichols, na jina la mhusika wake, Uhura, lilitokana na uhuru wetu. Mwaka 1983, katika filamu ya Star Wars iitwayo Return of the Jedi, kiumbe mwenye mashavu makubwa aitwaye Nien Nunb alizungumzishwa na mwanafunzi Mkenya, Kipsang Rotich, kwa maneno ya lugha za kwao. Ulimwengu ulidhani ni lugha ya sayari nyingine, huku watazamaji Nairobi wakielewa na kushangilia. Simba, Rafiki na Pumbaa wa mwaka 1994 sina haja ya kuwaeleza. Wakanda nayo inazungumza Kixhosa. Lugha zetu zimekwenda mbali angani. Lakini nani anaulizwa swali kwa lugha hizo akiwa amekaa ukumbini?

Wakati wa maswali mpwa wangu alisimama. Kanga ilidondoka begani, hakuiokota. Akashika maikrofoni mkono mmoja, mkuki mkono wa pili, akasema kwa Kiswahili cha kwetu, bila haraka:

"Shikamooni. Nimetoka Janga, Kibaha, mkoa wa Pwani. Kwetu filamu tunaziona kwenye kibanda umiza, na sauti tunayoisikia ni ya mtafsiri. Nauliza, mkikaa kuandika, mnatuandikia sisi wa kibandani, au mnawaandikia wale wa matamasha ya nje?"

Ukumbi ulinyamaza kidogo. Si kwa swali tu, bali kwa lile shikamooni. Kisha mmoja wa wale watatu, mwanamke, akaivuta maikrofoni karibu na kumjibu kwa Kiswahili. Alijibu kirefu. Alisema akianza kuandika humwona bibi yake kwenye kochi, lakini maombi ya fedha yanaandikwa kwa Kiingereza, mswada unasomwa kwa Kiingereza, na wahusika huanza kusema Kiswahili siku ya mwisho, mwigizaji anapofungua mdomo. Alisema hilo linamkera na bado hajapata dawa yake. Kuanzia pale mjadala wote uliobaki ulikwenda kwa Kiswahili, na watu waliokuwa kimya tangu asubuhi wakaanza kunyosha mikono.

Mwingine wa mezani akamgeuzia swali. Alitaka kujua mtafsiri wa Janga husema nini kwenye sehemu ambazo filamu haina maneno.

Nyie msioijua kazi hii, sikilizeni. Kibandani, filamu ya Kichina au ya Kimarekani haiji peke yake. Inakuja na mtu. Aliyeifanya kazi hiyo ikawa jina kubwa Tanzania ni Lufufu, jina lake hasa Mukandala, na Kenya wana DJ Afro wao. Mtafsiri hatafsiri tu. Anampa adui jina la mtaani, anampa stelingi ukoo, anaeleza kwa nini wali umeungua kwenye jiko linaloonekana nyuma ya watu wanaopigana. Mtafiti wa Kijerumani Matthias Krings, aliyeichunguza sanaa hii, aliiita kugeuza wali kuwa pilau. Wali ni wa watu, viungo ni vyetu.

Basi mpwa wangu akawaonyesha. Aliwaomba wafikirie Okoye amesimama juu ya gari linalokimbia, kwenye ile mbio ya magari ya Black Panther, haongei, upepo tu. Akabana pua kidogo, akatoa sauti ile kavu, ya haraka, tunayoijua sote: akamfanya Okoye awaze kodi ya nyumba, amlaani fundi aliyemshonea viatu vyembamba, ampigie hesabu adui mbele yake kama muuza nyanya anavyompigia mteja. Dakika moja hivi. Ukumbi ulipasuka kwa kicheko na makofi, na yule mwanamke wa mezani alikuwa anaandika kwenye daftari lake, ameinama, haraka, kama mwanafunzi.

Nimehudhuria mikutano mingi. Mara chache nimeona meza ikigeuka namna ile, waliokuja kusikiliza wakawa ndio wanaosikilizwa. Mtazamaji wa kibandani ana mazoea ya kuzungumza na filamu. Anamwonya stelingi ageuke nyuma, anamtukana adui, anagombana na jirani kuhusu nani muongo, na filamu haimsikii. Siku ile ilimsikia.

Tulirudi Janga Jumatano usiku. Dada hakuuliza safari ilikuwaje. Alikipapasa kichwa cha mwanawe ambacho nywele zake zilikwisha kuanza kuchoma kiganja, akasema, "Zinaota," akampakulia ugali na kisamvu. Fundi alitaka picha, na si kwenye simu, alitaka ya karatasi. Tuliisafisha Mlandizi, naye ameibandika ukutani juu ya cherehani, kando ya kalenda, na sasa anayekuja kushona sare ya mtoto anaisikia habari yote kwanza.

Jumamosi iliyofuata mwenye kibanda aliiweka Black Panther, iliyotafsiriwa. Nilikwenda. Mabenchi ni yale yale, yanayoumiza kama jina lisemavyo, joto la miili, harufu ya mihogo ya kukaanga mlangoni, watoto wamekaa chini mbele kabisa hadi pua zinakaribia kioo. Mpwa wangu alikaa benchi la tatu, kajifunga kanga, mkuki kati ya magoti. Okoye alipotokea kwa mara ya kwanza, vichwa vya mbele viligeuka nyuma kumtazama yeye, kimoja, viwili, halafu vyote.

"Simamisha!" mtu akapiga kelele. "Simamisha kwanza!"

Mwenye kibanda akasimamisha. Okoye akabaki kwenye kioo, mdomo nusu wazi, na mtoto mmoja wa kiume, wa miaka minane hivi, akainuka kutoka sakafuni akajipangusa vumbi la matakoni.

"Dada," alisema, "ule mkanda wake mbona si kama wa kwako?"

Mpwa wangu akasimama kumjibu.